Siku Baba Mkubwa Alipopokea Hapana

Watu hustaafu ili wapumzike. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, alistaafu ili apate nafasi ya kuchoka. Siku aliyoacha kazi ya stoo kwa tajiri mmoja wa Kihindi kule Muhima, walimpa soda na saa ya ukutani, wakampigia makofi. Alifika nyumbani kwetu Gatsata, akaitundika saa juu ya mlango, akaitazama kwa adabu kama mtu anayetazama picha ya mkwe, kisha akatuuliza kama kuna anayejua ndege wa bondeni wanaamka muda gani. Hakuna aliyejua. Sisi tulikuwa watu wa gereji. Ndege tuliowajua ni wale wanaochafua vioo vya magari ya wateja.

Tangu siku hiyo akawa na shughuli kuliko waziri. Alfajiri anashuka bondeni kwa baiskeli kutazama ndege kwenye mafunjo. Jua likishapanda, anapanda naye, kwa baiskeli ileile nyeusi na nzito, mpaka juu kabisa ya kilima, halafu anateremka tena. Alikuwa akisema kupanda ni mazoezi na kushuka ni sala. Sisi tuliozijua breki zake tuliona angeongeza sala. Mchana anakuja gereji, anakaa juu ya tairi la lori, anatusimulia hadithi mpaka bosi anakohoa. Jumapili, baada ya misa, kriketi.

Kriketi ndiyo iliyowashinda watu. Ujanani alikwenda Uganda kwa miguu kutafuta kibarua cha pamba, kama walivyokwenda wengi wa umri wake, lakini badala ya pamba akapata nyasi: alikata majani ya uwanja wa kriketi wa Wahindi wa Kampala, miaka na miaka, mpaka siku moja walipopungukiwa na mtu wakamwita acheze. Hakutoka tena. Alioa hukohuko, mkewe akafia hukohuko, na alipoanza kuota mvi akarudi nyumbani na mizigo miwili ya maana, baiskeli na gongo la kuchezea.

Uwanja wetu ulikuwa kipande cha ardhi tambarare karibu na Nyabugogo, ambapo siku za kazi yaliegeshwa malori. Walikuja vijana wa Kihindi kutoka maduka ya Muhima, na pale walipopungua tukajazia sisi wa gereji, kucha zikiwa bado nyeusi kwa oili. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbali na kungoja mpira usiokuja. Nilikuwa hodari sana. Wapita njia walisimama wakauliza, "Sasa huu iko muchezo gani? Mbona wote wamesimama kama wanangoja basi?" Baba mkubwa aliwajibu bila kugeuka, "Tofauti ni kwamba sisi hatusukumani."

Darubini alikuwa nayo pia, ya kutazamia ndege, lakini vita vilipoanza kule kaskazini aliifunga ndani ya shuka akaisukuma chini ya kitanda, maana askari wa pale darajani hawakuwa watu wa kuelezwa habari za korongo. Akaanza kutazama kwa macho matupu. Alidai hakupoteza kitu: ndege ni walewale, ila sasa na wao wanapata nafasi ya kumtazama yeye.

Ila hadithi zake zote, ukizisikiliza vizuri, zilikuwa hadithi moja. Katika kriketi, alisema, mpira ukilipapasa gongo lako kidogo tu, mguso wa unyoya, halafu mtu akaudaka, wewe umetoka. Lakini mara nyingine mwamuzi hakuusikia ule mguso. Unaujua wewe peke yako. Mtu wa hovyo anabaki amesimama, anatazama mawingu. Mtu wa heshima analitia gongo kwapani, anawashukuru wenzake, anaondoka. Haulizi. Hageuki nyuma. Basi hata alipotusimulia hadithi za sungura na fisi mambo yaliishia hapohapo: sungura wake, badala ya kumlaghai fisi kama sungura wengine wote duniani, alikubali ameshindwa, akamshukuru fisi, akaenda zake nyumbani. Mimi shule niliishia darasa la nane, na falsafa yote niliyonayo nimeipata kwenye tairi lile. Niliipenda. Nilijiona nikiwa mzee, natoka mahali fulani kwa heshima, watu wananisindikiza kwa macho.

Sikujua kwamba nitatoka mapema hivyo.

Wakati huo nilikuwa na mchumba. Baba yake alikuwa na duka la vitenge Muhima, watu wa kanisani, waliokulia Bujumbura wakarudi na Kiswahili cha kule. Alileta pikapu yake gereji imebonyea mlango. Ilikuwa kazi ya siku moja, nami niliifanya kwa wiki nzima, kwa sababu kila jioni binti yake alitumwa kuja kuuliza imefikia wapi. Baadaye nilimwuliza lile swali langu palepale dukani, katikati ya majora ya vitambaa, akasema ndiyo bila kuacha kumpimia mteja wake. Mteja alitupongeza, akaomba apunguziwe bei.

Nikaanza kuota. Chumba changu nilikipaka rangi zilizobaki gereji, ukuta mmoja rangi ya teksi, mmoja ya gari la mapadri, na mmoja ya gari ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Ukuta wa nne rangi iliisha katikati. Nilikitazama nikaona ni chumba cha watu watakaosafiri sana.

Lakini kwetu ndiyo ya msichana haitoshi. Lazima wazee wa upande wa kijana waende kuomba rasmi. Siku hiyo tunaiita gusaba, na siku hiyo wazee wa upande wa msichana lazima wakatae kwanza. Kukataa ndiyo heshima yenyewe. Watasema hawawajui. Watasema babu yenu aliazima jembe la babu yao na mpaka leo hajarudisha. Watasema msichana ameingia utawa. Msemaji wa wageni anajibu kwa maneno matamu, anatoa chupa kama faini, watu wanacheka, wanakataa tena, na mwishowe wanakubali. Kila mtu anaujua mwisho wake. Ni kama misa: hakuna anayekaa na hofu kwamba leo padri atatuacha bila baraka.

Kumtafuta msemaji hakukuwa na mjadala. Shangazi yangu, mwuza maharage sokoni, ambaye ndiye aliyeuendesha ukoo wetu tangu baba afariki, aliuliza mara moja tu, "Iko nani mwingine hapa anajua kusema kama kaka yangu?" Tukatazamana, hakuna. Kwamba aliondoka nchini kabla hajafikia umri wa kukaa kwenye viti vile, na kwamba yeye mwenyewe alioa Kampala, mbele ya padri, kwa ndiyo moja ya haraka, hayo sote tuliyajua. Hakuna aliyeyafikiria. Tulimchagua kwa sababu anajua kusema. Hatukuuliza kama anajua kusikia.

Tulikwenda tumependeza. Nilivaa tai ya kuazima. Baba mkubwa alivaa koti jeusi na kofia yake nyeupe ya kriketi, akatutangulia kwa baiskeli, taratibu, kama askari anayesindikiza msafara. Kwa wakwe kulikuwa na turubai, viti vimepangwa safu mbili zinazotazamana, wao huku na sisi kule, chungu cha bia ya mtama katikati na mirija yake, na chupa kwa wasiopenda mirija. Msemaji wao alikuwa katekista mstaafu, sauti nzito, miwani puani. Siku ile maneno mengi yalikuwa ya Kinyarwanda. Nayaleta hapa kwa Kiswahili tulichokitumia dukani na gereji.

"Wageni, tumewapokea, mumekunywa," alianza katekista. "Sasa mutuambie. Mumepotea njia?"

"Hatukupotea, muzee," alijibu baba mkubwa. "Tumekuja makusudi. Tunaomba binti yenu aolewe na kijana wetu huyu."

Watu wakacheka kwa kuridhika. Ufupi ule uliwapendeza, walidhani anaweka akiba ya mishale.

Katekista akavua miwani, akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo hata mimi ilinigusa. "Muzee mwenzangu, mumechelewa. Huyu mutoto tulishamupatia watu wengine. Watu wa Butare. Na ng'ombe wao tulishapokea. Wako hapa nyuma, wanakula majani."

Nyuma ya nyumba ile hapakuwa na nafasi hata ya mbuzi. Wote tulitabasamu.

"Mumeshapokea ng'ombe?" aliuliza baba mkubwa.

"Tumeshapokea."

"Na maneno mumeshapeana?"

"Tumeshapeana kabisa."

Baba mkubwa akaitazama glasi yake. Binamu yangu alinigusa ubavu, "Sasa sikiliza, anakuja." Nikaegemea mbele. Baba mkubwa akaiweka glasi yake chini polepole, akasimama, akasema, "Basi, muzee, tunashukuru kutuambia wazi. Neno la watu ni neno. Hao wa Butare, Mungu awajalie." Akawapa mkono wazee wote wa safu ya mbele, mmoja mmoja, akavaa kofia yake, akatoka.

Sasa hapo ielewe sheria yetu. Msemaji akisimama kuondoka, msafara wote unasimama. Na kumrekebisha mzee wako mbele ya wakwe ni sawa na kumvua suruali. Kwa hiyo tulisimama. Watu wazima, wenye akili zao, wanaojua kabisa kinachoendelea, wakasimama kwa adabu, wakaacha glasi zimejaa, wakamfuata mtu mmoja aliyekosea. Nilipogeuka niliona pazia la chumba cha ndani likisogea kidogo. Nyuma yake kulikuwa na mchumba wangu, amevalishwa, amepakwa mafuta, anangoja kuitwa.

Baadhi ya watu waliokaa kwenye viti vile, upande wao na upande wetu, hawapo tena. Nikiwakumbuka napenda kuwakumbuka siku ile, midomo wazi na bia mbele yao.

Nje, baba mkubwa alinishika bega. "Pole, mwanangu. Hukukosea kitu. Wenzetu walitangulia tu." Akapanda baiskeli, akaenda. Mimi nikabaki barabarani na tai ya watu shingoni.

Yaliyotokea ndani nilihadithiwa baadaye. Kwanza walitazama viti vyetu vitupu. Kisha katekista akajipiga paja. "Huyu mutu ni bingwa. Tangu nizaliwe sijaona musemaji anajibu hivi. Ametuachia muzigo wote mikononi." Wakaamini amesimama nyuma ya ukuta, anahesabu pumzi, ataingia tena na neno litakalowaangusha wote. Wakakataza mtu yeyote kugusa glasi zetu. Wakangoja mpaka povu likaisha, mpaka nzi wakaanza kunywa kwa niaba yetu.

Baada ya hapo mambo yakakwama, na yalikwama kwa sababu kila mtu alikuwa na adabu. Wao hawakuweza kutufuata. Upande wa msichana haukimbilii wageni, mtaa utasema binti anauzwa. Sisi hatukuweza kurudi bila msemaji, na kubadilisha msemaji kungekuwa kumtangazia baba mkubwa kwamba ameharibu. Yeye mwenyewe alishayafunga mambo. Siku ya pili, juu ya tairi, aliniambia kwa upole, "Kuna yule binti wa fundi cherehani. Mkimya. Nimemwona akipita."

Nikashuka Muhima. Mchumba wangu alikuwa anakunja vitenge.

"Kwa hiyo nimeolewa Butare," alisema. "Mume wangu mrefu au mfupi?"

"Usinicheke."

"Sikucheki. Nauliza na ng'ombe wangu, wanaendeleaje?"

Halafu akaacha kukunja. Akaniambia baba yake hasemi kitu mezani. Ndugu wameanza kunong'ona kwamba mgeni anayeacha bia imejaa ametukana nyumba. Na bibi yake, mama yake baba, mzee sana, ambaye alisafirishwa kutoka Bujumbura ili ashuhudie, anarudi kwao Jumatatu, na miguu yake haitamleta tena. Baba yake amesema bila yule bibi hakuna gusaba nyingine. Kama hatujarudi kabla ya Jumatatu, basi.

"Ndiyo niliisema mimi, ilikuwa ya kweli," alisema. "Hapana waliisema wao, ilikuwa mapambo. Mzee wako kachukua mapambo, kaacha kitu chenyewe." Akanitazama. "Lakini usimgombeze. Katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyeamini kwamba neno la watu wa kwetu ni neno."

Mimi kumgombeza? Sikujua hata namna ya kuanza kumwambia. Nilirudi Gatsata nikamkuta shangazi amerudi kutoka sokoni macho yanang'aa. Alikutana na shangazi wa mchumba wangu kwenye meza ya ndizi. Walisalimiana kama maadui, wakaulizana habari za mvua, kisha yule akashindwa kujizuia. "Muzee wenu iko hatari," alisema. "Anarudi lini?"

"Na wewe ukamjibu nini?" niliuliza.

"Nilimwambia bingwa haulizwi saa." Shangazi akakaa chini. "Sasa kazi iko kwako. Kamwambie baba yako mkubwa."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mke si wangu."

Alfajiri niliazima baiskeli, nikamfuata bondeni. Nilimkuta kando ya mafunjo, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, anamtazama korongo aliyekuwa naye amesimama kwa mguu mmoja. Sijui nani alikuwa anamwiga mwenzake. Nilisimama karibu naye. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakamwagika.

"Baba mkubwa," nikasema, "nina hadithi."

"Wewe?" Alifurahi kweli. "Lete."

"Palikuwa na mzee mmoja, katika nchi ya mbali."

"Nchi gani?"

"Ya mbali tu."

"Hadithi isiyo na mahali ni kama soksi isiyo na mguu. Haya, endelea."

Nikaendelea. Nikasema katika nchi ile mtu akiomba kitu lazima kwanza anyimwe, na kunyimwa ndiko kukaribishwa kwenyewe. Mwombaji anacheka, anaomba tena. Watoto wote wa nchi ile wanalijua hilo. Lakini yule mzee alikuwa ametoka safari ndefu, na wenyeji walimtuma akaombe bila kumweleza. Akaambiwa hapana. Akashukuru, akaondoka. Na kijana wake akabaki hivyo hivyo.

Hakunitazama hata mara moja. Nilipomaliza, korongo alishusha mguu, akafikiri, akainua mwingine.

"Katikati umeharakisha," alisema baba mkubwa. "Na huyo mzee hukumtendea haki. Yeye kosa hana. Wamempeleka kwenye mchezo bila kumwambia sheria, halafu wanashangaa amecheza mwingine."

"Ni kweli, baba mkubwa."

Baba mkubwa akavua kofia.

"Ng'ombe wa Butare hawakuwepo."

"Hapakuwa na nafasi hata ya mbuzi."

"Nafasi niliiona hakuna. Nikasema labda ng'ombe wa mjini ni wadogo."

Nilitaka kucheka, lakini nilimwona anafuta macho kwa kofia. Akasema kaka mtu anaachiwa kitu kimoja tu na mdogo wake akifa, mtoto, na yeye mtoto huyo amemtoa kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia sijatoka bado, nafasi ipo mpaka Jumatatu. Akapanda baiskeli palepale. Njia nzima ya kurudi alikuwa ananiambia atakwenda kwa katekista, atavua kofia, atakiri mbele ya watu wote kwamba hakujua.

Shangazi alimsubiri mlangoni, akamkatalia. "Ukikiri, watasema tulituma mujinga. Ukinyamaza, tulituma bingwa. Kaka, nyamaza."

"Yaani nile sifa ambayo si yangu?"

"Iko yako. Ni vile tu hukuitolea jasho. Wakubwa wote wa nchi hii wanakula hivyo hivyo, na hakuna aliyeumwa tumbo."

Hakuridhika. Ila alikubali kwa sharti moja: sifa ile ataifanyia kazi, hata kama ni baada ya kuila. Siku zilizobaki ndege waliamka bila mtazamaji na tairi la gereji likakosa mtu. Alikaa na shangazi, akafundishwa kila aina ya hapana iliyowahi kusemwa katika nchi hii, na kwa kila hapana akatunga jibu. Jembe alikuwa na jibu lake. Utawa alikuwa na jibu lake, lenye askofu ndani. Kwa watu wa Butare alitengeneza majibu matatu. Niliyasikia yote. Sijawahi kusikia maneno mazuri kama yale, na nililala usingizi wa kwanza tangu siku ile.

Jumapili tukarudi, wote, mavazi yaleyale, safu zilezile. Bibi alikuwa amewekwa upande wa wanawake, juu ya mkeka, mifuko yake ya safari imeshafungwa pembeni. Katekista alisimama. Akafuta miwani mara mbili. Nilikuja kuambiwa kwamba wiki nzima nyumba ile ilimsema yeye: kwamba hapana yake ilikuwa kubwa mno, kwamba anataka kumzeesha mtoto wa watu nyumbani.

"Wageni, karibuni," alisema. "Mumekuja kuomba binti. Tumewapa."

Nilisikia bia ikichacha chunguni.

"Subiri kwanza," alisema baba mkubwa. "Hamujakataa."

"Hatukatai, muzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na wale watu wa Butare?"

"Walirudi kwao."

"Na ng'ombe zao?"

Katekista akatazama huku na huku. "Walikufa," alisema. "Ugonjwa."

Wazee wa upande wao wakainamisha vichwa kwa ajili ya marehemu. Baba mkubwa akabaki amesimama na majibu yake yote tumboni, kama mtu aliyepika pilau wageni wakaja wameshiba. Mimi nilitaka kulia kwa furaha, nikamtazama, nikaona aibu kufurahi. Alikuja kulipa deni lake, na anayemdai amekataa kupokea.

Ndipo sauti ikatoka kwenye mkeka.

"Mimi nimepanda lori kutoka Bujumbura," alisema bibi, "nimekaa juu ya magunia, mugongo umekatika, ili nije nisikie 'tumewapa'? Nyinyi wanaume siku hizi mumekuwa watu wa posta. Munapokea, munagonga muhuri. Sisi mutu alituomba mpaka jua linazama, na alipomaliza tulijua tumeombwa." Akamwelekezea baba mkubwa kidole. "Wewe bingwa. Mimi nakataa."

Watu wote walicheka isipokuwa wawili, katekista na mimi. Nilimtazama baba mkubwa mikononi, kama kofia inakwenda kichwani. Hakuivaa; alikaa vizuri, akaiweka juu ya goti.

"Mama," alisema, "unakataa kwa nini?"

"Babu yenu aliazima jembe kwetu."

"Ni kweli, aliazima. Na ninajua liliko."

Akaanza. Jembe lile, alisema, lilivuka mpaka begani mwa kijana aliyekwenda kutafuta pamba. Likafika Kampala, likakuta nyasi za Wahindi. Likafunga urafiki na korongo. Bibi akakataa mara ya pili, kwa sababu ya mpini. Mpini nao ukasimuliwa, ulivyogeuzwa kuwa gongo, ulivyompiga mwamuzi mmoja mnene kwenye goti, ulivyorudi nyumbani umefungwa kwenye baiskeli isiyo na breki, ukishuka kilima cha Gatsata huku mwenye baiskeli akiungama dhambi zake kwa sauti na wanawake wa kisimani wakizisikia zote. Bibi alikuwa ameshika mbavu. Aliukosa mrija mara mbili. Akataka kukataa mara ya tatu, neno likakatika njiani, akapunga mkono tu.

"Basi, basi. Muchukueni. Mutaniua kabla ya Jumatatu."

Katekista akaruka upesi, akalirudia kwa sauti ya kanisani ili liwe rasmi. Baba yake msichana akaitikia kwa kichwa, wanawake wakapiga vigelegele, binamu yangu akanikumbatia mpaka tai ikafunguka. Tulikuwa tumepewa. Baba mkubwa aliona watu wanashangilia, akadhani ni hadithi imewakolea, akainua mkono kuwatuliza, akasema, "Ngojeni, hamjasikia ya askofu." Na kwa kuwa mzee hakatizwi, hakuna aliyemkatiza.

Mchumba wangu akatoka chumbani. Akawasalimu wazee wa kwao na wa kwetu, akainama mbele ya bibi yake, akaja akakaa kando yangu, na baba mkubwa alikuwa bado anamwomba.